Kutafuta Vitabu kwa Majina Yake: Mwanafunzi wa Bariadi na Katalogi ya Maktaba ya Chuo Kikuu

Katika kazi ya kusimamia tasnifu za wanafunzi, sentensi moja imekuwa ikinijia mara kwa mara, nayo ni hii: "Juu ya jambo hili hapana mtu aliyepata kuandika." Mara chache sentensi hiyo huwa ya kweli. Mara nyingi si ya kweli, ingawa mwandishi wake hakukusudia kudanganya. Alikwenda maktaba, akatafuta, asione kitu, akaandika kama alivyoona. Nia ya makala haya ni kueleza kwa nini mtafutaji mwaminifu huweza kurudi mikono mitupu kutoka katika maktaba iliyo na kitabu kile kile anachokitaka, na kuonyesha njia za kumfikisha kwenye kitabu hicho. Mfano nitakaoutumia ni wa Bariadi na nchi yote ya Mkoa wa Simiyu. Nimeuchagua kwa sababu majina ya nchi hiyo, ya watu wake na ya lugha yao yana historia ndefu, na historia hiyo yaonyesha tatizo letu wazi kuliko mifano mingi.

Mwanafunzi aliyenifunza jambo hili alizaliwa Bariadi. Alitaka kuchunguza viambishi vya majina katika Kisukuma cha kwao, yaani lahaja ya Ntuzu. Siku aliyoniletea pendekezo lake la uchunguzi, ile sentensi ilikuwamo katika ukurasa wa pili. Nilimwuliza ametafuta kwa maneno gani. Akanijibu kwamba ametafuta "Kimunantuzu", asipate kitu. Ametafuta "Bariadi", akapata taarifa chache za kilimo cha pamba na za afya. Mwisho ametafuta "Simiyu", na hapo akapata vitabu vingi, ila karibu vyote ni vya waandishi wa Kenya. Hilo la mwisho halikunishangaza, kwani Simiyu ni jina la mtu lililoenea sana miongoni mwa Wabukusu wa magharibi ya Kenya, na katalogi haina njia ya kujua kwamba mtafutaji alikusudia mto na mkoa, wala si jina la ukoo.

Ndipo tulipokaa pamoja, tukaanza upya. Yafuatayo ndiyo tuliyojifunza, nami nimeyapanga hapa kwa ajili ya wale wanaosimamia wanafunzi kama huyo, na kwa ajili ya wanafunzi wenyewe.

Katalogi hutafuta jina

Jambo la kwanza la kukumbuka ni kwamba katalogi haimtafutii mtu kitu. Humtafutia jina la kitu. Hivyo ndivyo ilivyokuwa zamani za makabati ya kadi, wakati kila kitabu kilipokuwa na kadi moja chini ya jina la mwandishi, nyingine chini ya jina la kitabu, na nyingine chini ya mada yake. Na hivyo ndivyo ilivyo hata leo katika katalogi za kompyuta, ambazo zimerithi milango ile ile mitatu. Kompyuta imeongeza mbio, na imempa mtafutaji uwezo wa kuchanganya milango. Lakini haikuifanya katalogi ielewe maana. Mtu akiandika neno ambalo mkutubi hakuliandika katika kumbukumbu ya kitabu, kitabu hicho kwake ni kama hakipo, hata kama kimesimama rafuni hatua kumi mbele yake.

Kwa hiyo, swali la mtafutaji si "Je, kiko kitabu juu ya Bariadi?" Swali lake ni hili: "Waliopata kuandika juu ya nchi hii waliiitaje, na wakutubi walioviorodhesha vitabu vyao waliiitaje?" Swali hilo ni la historia, na ni la isimu pia. Ndiyo maana nadhani halituhusu sisi watu wa lugha chini ya linavyowahusu wakutubi.

Majina ya nchi na ya utawala

Tuanze na nchi. Mkoa wa Simiyu uliundwa mwaka 2012, pamoja na mikoa ya Geita, Katavi na Njombe. Wilaya zake ni tano: Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega, na makao makuu ya mkoa ni Bariadi. Sehemu kubwa ya nchi hiyo ilitoka katika Mkoa wa Shinyanga, nayo Busega ilitoka upande wa Magu katika Mkoa wa Mwanza. Maana yake kwa mtafutaji ni kwamba kitabu chochote kilichoorodheshwa kabla ya mwaka 2012 hakiwezi kuwa chini ya Simiyu kama jina la mkoa. Simiyu itakayopatikana humo ni mto tu, ule umwagao maji yake katika Ghuba ya Speke. Mkutubi mwenye bidii huenda akarudi nyuma na kuongeza jina jipya katika kumbukumbu za zamani, lakini kazi hiyo ni kubwa na aghalabu haifanyiki. Kitabu hubaki na jina la siku yake.

Hivyo hapana budi kurudi nyuma hatua kwa hatua. Kabla ya kuwa chini ya Simiyu, Bariadi ilikuwa chini ya Shinyanga. Kabla ya kuwa wilaya yenyewe, ilikuwa sehemu ya wilaya ya Maswa. Wakati wa utawala wa Waingereza, Maswa nayo ilikuwa katika Jimbo la Ziwa, ambalo vitabu vya Kiingereza huliita Lake Province, na makao yake yalikuwa Mwanza. Nchi yote iliitwa Tanganyika, na kabla ya hapo Deutsch-Ostafrika, kwa maana ya Afrika Mashariki ya Wajerumani. Jina la Tanzania lilianza kutumika mwaka 1964. Mwanafunzi akitafuta "Tanzania" peke yake huenda akaukosa mlango wa vitabu vya miaka ya 1950, ambavyo kadi zake ziliandikwa Tanganyika.

Chini ya majina hayo ya serikali yapo majina ya nchi za watemi, nayo ni muhimu zaidi kwa mchunguzi wa lugha na mila: Ntuzu, Kanadi, Itilima, Meatu na mengineyo. Baadhi yake yamekuwa majina ya wilaya za leo, na hiyo ni bahati kwa mtafutaji. Ntuzu halikupata bahati hiyo. Kwa sababu hiyo mwanafunzi wa leo, ambaye katika karatasi zake zote za shule ameandika "Bariadi", huweza kusahau kwamba mwandishi wa zamani aliyefika nyumbani kwa babu yake aliandika katika daftari lake "Ntuzu, Maswa".

Majina ya watu na ya lugha

Sasa tuje kwenye jina la watu, na hapa mambo yanakuwa ya kiisimu hasa. Katika Kisukuma, kama katika Kinyamwezi, neno sukuma maana yake ni upande wa kaskazini. Dakama ni kusini, kiya ni mashariki, na ng'weli ni magharibi. Basukuma basi ni watu wa kaskazini, na ni wa kaskazini kwa kulinganishwa na jirani zao walioko kusini, ambao wengi wao ni hao tunaowaita Wanyamwezi. Mwenye kulifahamu hilo hatashangaa kuona kwamba waandishi wengi wamewaweka watu hawa wawili pamoja. Kitabu cha R. G. Abrahams cha mwaka 1967, kilichotolewa katika mfululizo wa uchunguzi wa makabila wa International African Institute, kimebeba katika jina lake maneno The Peoples of Greater Unyamwezi; nacho kinawahusu Wasukuma vile vile. Mtu asiyetafuta chini ya Unyamwezi huenda akakipita.

Lugha yenyewe, kwa watu wake, haina kiambishi kimoja. Magharibi husema Kimunasukuma. Upande wa Bariadi husema Gimunantuzu. Kusini-mashariki husema Jinakiiya. Tofauti ya ki-, gi- na ji- si kosa la mwandiko. Ni tofauti ya kweli ya lahaja katika kiambishi cha ngeli ya saba, na ndiyo hasa iliyokuwa mada ya mwanafunzi wangu. Akaja kuona, kwa furaha kidogo na kwa haya kidogo, kwamba jambo alilotaka kuliandikia tasnifu ndilo hilo hilo lililomzuia kupata vitabu. Alikuwa ameandika Kimunantuzu kwa kiambishi cha magharibi, ilhali jina la lahaja yake linaanza kwa gi-.

Katika vitabu vya wageni jina hili limeandikwa kwa namna nyingi. Mwaka 1898, katika jarida la chuo cha lugha za mashariki cha Berlin, C. Herrmann alichapisha maelezo ya lugha hii na kuiita Kissukuma, kwa s mbili, kwa kuwa katika Kijerumani s moja mbele ya irabu husomwa kama z. Herman Batibo, mwanaisimu Mtanzania, alipochapisha kwa Kifaransa mwaka 1985 kitabu chake juu ya fonolojia na mofolojia ya lugha hii, alikiita Le Kesukuma, kwa e, maana lugha hii ina irabu saba na irabu ya kiambishi hicho si sawa na i ya Kiswahili. Irvine Richardson, katika kitabu chake cha mwaka 1959 juu ya toni, kilichotolewa na chuo cha London cha lugha za Mashariki na Afrika, aliandika Sukuma bila kiambishi, kama ilivyo desturi ya wanaisimu wa Kiingereza. Na hivyo ndivyo alivyoandika Malcolm Guthrie pia, ambaye katika hesabu yake ya lugha za Kibantu aliipa Sukuma namba F21 na Nyamwezi F22. Basi tunao waandishi wanne na namna tatu za kuandika jina moja, na hatujafika bado kwenye Basukuma, Wasukuma, Usukuma na Sukumaland.

Kasoro ya nyota

Yupo atakayesema kwamba kompyuta ina dawa ya jambo hili, nayo ni alama ya nyota, ambayo huwekwa mwishoni mwa neno lililokatwa ili kuleta maneno yote yanayoanza hivyo. Dawa hiyo ni nzuri kwa Kiingereza. Mtu akiandika farm na nyota, ataletewa kilimo, mkulima na wakulima kwa pamoja, kwa kuwa katika lugha hiyo neno hubadilika mkiani. Lugha zetu hubadilika kichwani. Kisukuma, Usukuma, Wasukuma na Basukuma hushirikiana mwisho wala hazishirikiani mwanzo. Na katalogi nyingi hazikubali nyota itangulie neno. Chombo kilichotengenezwa kwa ajili ya lugha za mkia hakimfai sana mtu wa lugha za kichwa. Hili si jambo la kulalamikia tu. Ni jambo la kulijua na kulitengenezea njia, nayo ni kuandika kila umbo peke yake, na kuyaunganisha kwa neno OR ambalo katalogi hulielewa kuwa ni "au".

Umbo lisilo na kiambishi, yaani Sukuma, ndilo lenye mavuno makubwa kuliko yote, lakini lina magugu yake. Mwanafunzi wangu alipolijaribu aliletewa pia maandishi juu ya bustani za mboga nchini Kenya, kwa ajili ya sukuma wiki. Alicheka, nami nikacheka. Dawa ya magugu hayo ni kufunga neno Sukuma pamoja na Tanzania au Tanganyika, au kuingia kwa mlango wa mada, ambao nitaueleza sasa.

Neno moja zaidi juu ya mwandiko. Kisukuma kina sauti nyingi za ng'w, na alama ya ritifaa katika majina ya watu na ya mahali huwasumbua sana wakutubi. Jina moja huweza kuandikwa Ng'wana, Ngwana au Mwana. Na Mwanza yenyewe kwa Wasukuma ni Ng'wanza. Anayetafuta kitabu cha mwandishi mwenye jina la namna hiyo na ajaribu maumbo yote, lenye ritifaa na lisilo nayo.

Vichwa vya mada

Maktaba nyingi za vyuo vikuu hutumia vichwa vya mada vilivyotungwa na Library of Congress ya Marekani. Vichwa hivi ni vya Kiingereza hata pale kitabu kilipoandikwa kwa Kiswahili, na havitumii viambishi vyetu. Lugha yetu ya Kiswahili humo ni Swahili language. Kisukuma ni Sukuma language. Na watu wenyewe ni Sukuma, likifuatwa na maneno African people ili wasichanganywe na lugha. Kwa hiyo tasnifu iliyoandikwa kwa Kiswahili safi, yenye neno Kisukuma katika jina lake, huweza kufikiwa kwa kichwa cha Kiingereza pamoja na tasnifu ya Kifaransa na kitabu cha Kijerumani. Faida ya kichwa cha mada ndiyo hiyo: hukusanya chini ya jina moja vitabu ambavyo majina yake hayafanani.

Njia iliyo rahisi ya kukijua kichwa ni kufuata nyayo. Mtafutaji apate kitabu kimoja tu kilicho cha mada yake bila shaka, kwa njia yoyote ile. Aifungue kumbukumbu yake yote, si ile ya ufupi, na asome chini kabisa ambapo vichwa vya mada vimeandikwa. Kisha aingie kwa vichwa hivyo. Mwanafunzi wangu alianza na kitabu cha Batibo. Kutoka hapo akapata Sukuma language. Na kutoka hapo akampata Richardson.

Inafaa kutaja pia alama ya lugha, ambayo ni ya herufi tatu: swa kwa Kiswahili, suk kwa Kisukuma, nym kwa Kinyamwezi. Alama hii haielezi kitabu kinahusu lugha gani, bali kimeandikwa kwa lugha gani. Ni msaada mkubwa kwa anayetafuta matini za Kisukuma chenyewe, kama vile tafsiri za vitabu vya dini, ambazo kwa jina la mwandishi hazipatikani na ambazo katalogi huziweka chini ya neno Bible.

Vitabu visivyotaja jina

Vipo pia vitabu vilivyo muhimu kwa nchi hii ambavyo majina yake hayataji wala Usukuma, wala Maswa, wala Ziwa. Mfano mzuri ni kitabu cha G. Andrew Maguire cha mwaka 1969, Toward 'Uhuru' in Tanzania. Asomaye jina hilo atadhani ni habari za nchi nzima. Kumbe ni uchunguzi wa siasa za Usukuma katika miaka ya kuelekea uhuru. Kitabu cha Berta Millroth, kilichotolewa Uppsala mwaka 1965 juu ya dini ya asili ya Wasukuma, kinaanza kwa neno Lyuba, ambalo mgeni hatalijua na ambalo mwanafunzi wa Bariadi atalijua mara moja. Hapa mzaliwa wa nchi ana nafasi ambayo mkutubi hana. Aandike katika kisanduku cha kutafutia maneno ya kwao: majina ya ngoma, ya matambiko, ya vyeo kama ntemi. Kitabu cha Hans Cory cha mwaka 1951 juu ya mila za kumsimika mtawala wa Kisukuma kinaitwa The Ntemi.

Huyo Cory anatupa fundisho jingine. Alikuwa mzaliwa wa Austria, akatumikia serikali ya Tanganyika kama mtaalamu wa sosholojia, na mwaka 1953 akatoa Sukuma Law and Custom, kitabu ambacho hapana mchunguzi wa sheria za mila za Usukuma awezaye kukiacha. Lakini kabla ya kulichukua jina la Cory aliitwa Koritschoner, na maandishi yake ya miaka ya 1930 yamo chini ya jina hilo. Katalogi iliyotunzwa vizuri humwelekeza msomaji kutoka jina moja hadi jingine. Isiyotunzwa humfanya mtu mmoja kuwa wawili. Karatasi zake zimehifadhiwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, sehemu ya East Africana, na ni hazina ambayo wanafunzi wengi hupita karibu nayo bila kujua. Nasema hazina kwa sababu waliohojiwa na mtu huyo walikuwa wazee wa wakati ule. Mwanafunzi asemaye kwamba hapana aliyeandika huwa, bila kujua, anawanyamazisha babu zake mara ya pili.

Rafu, na yasiyomo katika katalogi

Namba ya rafu iliyoandikwa mgongoni mwa kitabu ni katalogi ya pili. Katika mpangilio wa Library of Congress, lugha za Afrika ziko katika PL, na Kiswahili chenyewe katika PL8701 hadi PL8704. Historia na watu wa Tanzania wako katika DT436 na kuendelea, hadi DT449. Katika mpangilio wa Dewey, unaotumika katika maktaba nyingi za umma, historia ya Tanzania ni 967.8 na Kiswahili ni 496.392. Mtu akikipata kitabu kimoja, asiondoke. Atazame vitano vilivyo kushoto na vitano vilivyo kulia. Ila akumbuke kwamba mpangilio huu hutenganisha lugha na watu: kitabu cha sarufi ya Kisukuma na kitabu cha mila za Wasukuma hukaa mbali, na aliye kwenye rafu moja hataiona nyingine.

Kuna pia mambo ambayo katalogi haiyasemi kabisa. Kwa desturi, katalogi huorodhesha jarida, haiorodheshi makala yaliyomo ndani yake. Msamiati wa Kisukuma wa Richardson na Mann, uliotolewa mwaka 1966, ulitoka katika jarida la African Language Studies, na mwanafunzi hataupata kwa kutafuta jina lake katika katalogi ya vitabu. Ni lazima aanze na orodha za marejeo zilizo mwishoni mwa vitabu alivyokwisha pata, apate jina la jarida na mwaka, kisha alitafute jarida. Na majarida nayo hubadili majina. Tanganyika Notes and Records, lililoanza mwaka 1936, lilikuja kuwa Tanzania Notes and Records. Jarida la Halmashauri ya Lugha ya Kiswahili, iliyoundwa mwaka 1930, lilianza kama Bulletin, likawa Journal ya Halmashauri ya Afrika ya Mashariki, kisha likaitwa Swahili, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 likaitwa Kiswahili. Asiyelijua hilo atadhani ni majarida manne.

Tasnifu ni jambo jingine. Historia ya Babinza wa Usukuma iliandikwa na Buluda Itandala na kupokewa katika Chuo Kikuu cha Dalhousie, Kanada, mwaka 1983. Kazi za namna hii hazikuchapwa kama vitabu, na hupatikana kwa njia ya katalogi za pamoja kama WorldCat, ambazo hukusanya kumbukumbu za maktaba nyingi za dunia. Mwanafunzi akiona huko kwamba nakala iko mbali, amwendee mkutubi wake. Kuna desturi ya maktaba kusaidiana kwa kuazimana au kunakili. Na kwa yale yasiyo vitabu wala tasnifu, kuna Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, yenye vitabu vya wilaya vilivyoandikwa na maofisa wa Kiingereza. Humo jina la kutafuta ni Maswa. Na karibu na Mwanza, huko Kisesa, kuna Makumbusho ya Wasukuma ya Bujora, iliyoanzishwa na Padre David Clement.

Mpango wa kazi

Nikiyakusanya haya, ningemshauri mwanafunzi afanye hivi. Kabla ya kugusa katalogi, achukue karatasi na kuigawa sehemu nne. Katika ya kwanza aandike majina ya watu na lugha kwa maumbo yake yote: Sukuma, Basukuma, Wasukuma, Kisukuma, Kesukuma, Kissukuma, Ntuzu, Nyamwezi. Katika ya pili aandike majina ya nchi kwa mfuatano wa miaka: Simiyu, Bariadi, Shinyanga, Maswa, Lake Province, Tanganyika, Deutsch-Ostafrika. Katika ya tatu aandike majina ya waandishi, na aongeze kila siku. Katika ya nne aandike vichwa vya mada kama alivyovikuta, herufi kwa herufi. Kila neno alilolitafuta alitie alama, pamoja na tarehe na jina la katalogi. Siku atakapoandika kwamba jambo fulani halijachunguzwa, karatasi hiyo ndiyo itakayokuwa shahidi wake. Bila karatasi hiyo, neno lake ni dhana tu.

Na asisite kumwuliza mkutubi. Nilipokuwa ng'ambo nikisomea shahada yangu ya udaktari, nilipoteza wiki nzima nikitafuta maandishi ya zamani ya Kijerumani juu ya lugha zetu, mpaka mkutubi mmoja mzee aliponiuliza swali fupi: "Je, wao wenyewe wangeliandika vipi jina hilo?" Wiki ile ningaliiokoa kama ningalikwenda kwake siku ya kwanza.

Limebaki jambo moja, nalo latuhusu sisi tunaoandika. Ikiwa mtafutaji hutegemea jina, basi mwandishi ana wajibu wa kulitoa. Tasnifu iitwayo "Uchambuzi wa viambishi katika lugha moja ya Kibantu" imejificha tangu siku ya kuzaliwa kwake. Tutaje lugha, tutaje lahaja, tutaje wilaya. Na katika ikisiri tuandike pia umbo la Sukuma lisilo na kiambishi, ili katalogi itufikishe kwa wasiojua viambishi vyetu. Kadhalika, tuhakikishe kwamba nakala inafika maktaba na inaorodheshwa, wala haiishii katika kabati la idara.

Mwanafunzi wangu aliliandika upya pendekezo lake. Ile sentensi ya ukurasa wa pili iliondoka, na mahali pake pakawa na kurasa sita juu ya waliotangulia, tangu Herrmann. Swali lake halikupungua kwa kuwa wengine walikwisha andika, lilipata mipaka. Sasa aliuliza ni yapi kati ya yaliyosemwa juu ya Kisukuma kwa jumla yanasimama katika usemi wa Ntuzu, na ni yapi hayasimami. Hilo ni swali ambalo mtu wa Bariadi anaweza kulijibu kuliko mgeni yeyote, mradi ajue kwanza wageni, na wenyeji waliomtangulia, walisema nini.